Damu Yangu Ilisema Vingine

Tulimzika Bi Zubeda siku ya Ijumaa, jua likiwa kali kama kawaida ya Voi, na watu walikuwa wengi mpaka barabara ikafungwa. Mimi si Mwislamu, kwa hivyo nilikaa nyuma wakati wa swala, lakini mchanga niliutia kwa mkono wangu mwenyewe na hakuna aliyeniuliza nautia kama nani. Tuliporudi uani kwake kula wali, mzee mmoja akanijia akipima kila hatua kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa Mutua, yule Mkamba aliyekuwa akituletea makaa kutoka Miasenyi enzi zile. Akanishika mkono, vidole vyake vimekakamaa, akapaza sauti watu wote wasikie: "Chuma! Bado tu hujaumwa?"

"Mimi? Ugonjwa utanipatia wapi?" nikamjibu.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Vijana waliokuwa wakigawa sahani wakasimama kutuangalia, hawaelewi. "Huyu tajiri mnayemwona," Mutua akawaambia, "mwaka mmoja tulikuwa tumeshakubaliana kumfukuza hapa Voi. Na kosa lake ni moja tu: alikuwa mzima."

Ni kweli. Na kwa kuwa Bi Zubeda ametangulia, na yeye ndiye aliyeyaona mambo yale tangu mwanzo hadi mwisho, nimeona niyaandike mwenyewe kabla mtu mwingine hajayasimulia vibaya. Shule niliachia darasa la sita, na sioni haya kulisema, maana nimejenga nyumba za kupangisha ambazo wenye vyeti ndio wanaonilipa kodi. Mtu aliyejenga ghorofa bila kujua kusoma ramani hawezi kushindwa na karatasi. Habari za ukoo wangu na nilivyozaliwa nitaziacha. Hizo ni za watu wasio na lingine la kusifia. Mimi nitasema mwaka ule tu, kwa sababu mwaka ule ndio ulionifanya mtu, na sijapata tena mwaka mwingine ulionifundisha mengi kwa bei kubwa namna ile.

Nilikuwa kijana wa kuvuta mkokoteni wa maji. Wengine walivuta wawili wawili, mmoja mbele, mmoja akisukuma nyuma. Mimi nilivuta peke yangu, mitungi imejaa, kutoka bomba la karibu na reli mpaka juu Kaloleni, na nikifika nilikuwa bado nina pumzi ya kuimba. Ndiyo maana wakaniita Chuma. Nilipanga chumba kwenye ploti ya Bi Zubeda: vyumba vilivyotazamana, ua katikati, mabati juu, na kati ya chumba na chumba ukuta wa mbao usiofika kwenye paa. Jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la makaa, sufuria moja ambayo nilipikia na kulia, na msumari wa kutundikia suruali ya Jumapili. Nilikuwa nikiamka kabla ya alfajiri, na gurudumu la mkokoteni wangu lililia kiasi kwamba Bi Zubeda alisema hahitaji mwadhini. Akawa ananipa mbaazi za nazi na mahamri nikirudi na mzigo wa kwanza. "Kula, mwanangu, usiniangushie mitungi kwa njaa," alikuwa akisema. Nimekula hoteli za Mombasa na Nairobi tangu hapo, zile za kuletewa uma wa kila saizi, na sijala kitu kilichozipita mbaazi zile.

Kila mlango wa ploti ile ulikuwa na pipa lake. Watu wa mahali penye maji hawawezi kuelewa pipa ni nini kwetu. Bomba la mji lilikuja lilipotaka na kukauka lilipotaka, na pipa ndilo lililokuwa akiba ya nyumba, kama ghala kwa mkulima. Na pipa halikuachwa likauke. Ilikuwa desturi ya Bi Zubeda, na wapangaji wote wakaifuata, kwamba chini ya pipa lazima yabaki maji kidogo. Aliyaita maji ya mama. "Maji huja penye maji," alisema. "Pipa tupu ni kama nyumba iliyohamwa, hata mgeni hapigi hodi." Kwa hivyo mimi nikileta mitungi nilikuwa namimina mapya juu ya yale ya zamani, na mama akabaki pale chini mwezi baada ya mwezi, labda mwaka baada ya mwaka. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Ningemwaga mama wa mtu ningefukuzwa kwa ufagio.

Kwenye baraza la mbele alikaa Mshai, fundi wa nguo, akishona sare za shule. Alikuwa Mtaita wa Mwanda, kule milimani kwenye baridi, na alishuka Voi na cherehani yake kutafuta maisha kama mimi. Sitasema alikuwa mzuri, kila mtu husema hivyo. Nitasema alikuwa na mikono. Mkasi wake ulipita kwenye kitambaa bila chaki, na uzi aliutia kwenye sindano akikutazama wewe machoni. Nilianza kupitisha mkokoteni barazani hata siku ambazo njia yangu ilikuwa upande mwingine.

"Chuma, leo umepotea njia tena?" akaniuliza.

"Gurudumu ndilo linalovuta huku."

"Basi liambie gurudumu lilete na vifungo vyeupe, vimeniishia."

Nililipelekea gurudumu ujumbe huo, na vifungo vikaja. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nimepanda Mwanda na wazee wawili kupeleka posa. Baba yake, Mzee Mwakio, alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa kabichi na maharagwe, mtu ambaye akinyamaza unatamani akugombeze. Alitupa kimanga, ule mseto wa Kitaita wa mihogo na maharagwe, na maziwa ya mgando, akanitazama mikono, akanitazama viatu, mwisho akasema, "Nitaangalia jina lako huko chini likoje. Likiwa zuri mpaka mwisho wa mwaka, mtarudi." Nilishuka mlima nikijiona nimeshaoa. Jina langu! Nani Voi hakulijua?

Mvua za vuli zikaja kidogo, zikakatika. Bomba la mji nalo likakauka, likabaki lile la reli tu. Hapo nikawa napiga kazi mchana kutwa, na hapo ndipo ugonjwa ukaingia. Ulianza na Bi Zubeda mwenyewe. Asubuhi moja alisujudu kwenye mswala akashindwa kuinuka, tukamsikia akiita, "Jamani, magoti yangu! Nani ameyafunga magoti yangu?" Homa ilimshika ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kesho yake akafuata Mutua, aliyekuwa amepanga chumba cha pembeni na mkewe. Jitu lile lililobeba magunia mawili ya makaa kwa pamoja nililiona likishuka kitandani kwa makalio kama mtoto. Kisha nyumba hii, kisha ile. Kichwa kikauma nyuma ya macho, vipele vikatoka kifuani vikiwasha, lakini baya zaidi lilikuwa viungo: vifundo vya miguu, viwiko, vidole, kila mahali mfupa unapokutana na mwenzake. Watu walitembea wameinama. Jioni uani ungedhani wote wanatafuta sindano iliyoanguka.

Wote walimeza dawa za malaria, kwa sababu kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, na hata ikithibitishwa. Dispensari walipimwa wakaambiwa hawana. "Hii malaria imekuwa mjanja," Mutua akasema, "inajificha kwenye magoti, na wao wanaitafuta kidoleni." Wakameza tena. Wakalala ndani ya neti, wakazichomeka chini ya godoro vizuri, asubuhi wakaamka salama, na mchana wakakaa uani karibu na mapipa wakiumwa na mbu bila kuwajali. Mbu wa mchana nani alimhesabu kuwa mbu?

Mimi sikuumwa hata ukucha. Na nilisema. Kwa nini nisiseme? Nilipita na mkokoteni nikipiga kifua: "Semeni kama mnataka niwavute na nyinyi humu mkokotenini!" Niliwachotea, niliwabeba mpaka chooni, nilimpeleka Bi Zubeda hospitali juu ya mkokoteni nikiwa nimemtandikia godoro, naye akinipiga mgongoni kwa bakora niende polepole. Nilidhani wananishangaa kwa wema. Walinishangaa, ndiyo, lakini si kwa hilo.

Kisha Mshai. Alikuwa anashona, akaweka mkasi chini, akaninyooshea mikono yake. Ilikuwa imevimba, vidole vimenona kama vya mtoto mchanga, na kesho yake hakuweza kufunga kifungo cha blauzi yake mwenyewe. Homa yake ilikuwa haijamaliza hata siku mbili walipofika watu wa utafiti wa damu. Walikuja na gari jeupe na masanduku ya barafu, wakakaa shuleni, wakaomba watu wajitolee kutolewa damu. Aliyewaongoza alikuwa daktari kijana wa kike, Daktari Nekesa, mtu wa Bungoma, mwenye tabia ya kumalizia kila jambo kwa "sawa?" na kusubiri mpaka useme sawa. Mshai alitoa damu. Mimi niliambiwa nikae, nikakataa. "Msiharibu sindano zenu," nikamwambia, "hii ngozi ni ya kifaru." Majibu yaliporudi, Mshai akaambiwa kwenye damu yake hawakuona dalili ya ugonjwa waliokuwa wakiutafuta, arudi baadaye apimwe tena. Watu walisikia nusu ya kwanza tu.

Jioni moja nilikuwa chumbani nakula ugali na sukuma wiki nikasikia mke wa Mutua anazungumza na Bi Zubeda upande wa pili wa mbao. Sikutega sikio. Kwenye ploti ile ungehitaji kuziba.

"Bi Zubeda, wewe umewahi kumwona Chuma akinywa maji yake mwenyewe?"

"Astaghafirullahi! Kijana yule hula kwangu kila siku."

"Anakula. Mimi nimeuliza kama anakunywa."

Kijiko cha Bi Zubeda kikagonga kikombe. "Chai hunywa," akasema.

"Chai imechemshwa. Angalia basi. Kila mtu anayeletewa maji na yule ameinama. Yeye anayeyabeba amenyooka kama mlingoti. Na Mshai amepimwa, ugonjwa haukuonekana. Kitu kisichoonekana na mashine kinaitwaje?"

"Acha dhambi, mwanangu."

"Mimi sijasema kitu. Nauliza tu."

Nilitaka kupiga ukuta, nikajizuia. Nilisubiri Bi Zubeda anitetee tena, naye akasema polepole, "Mimi simshuku. Lakini nitapumzika kununua kwanza, watu wasije wakasusia nyumba yangu." Maneno hayo yaliniuma kuliko yale ya kwanza. Leo nikiwa nimekaa kwenye ofisi yangu mwenyewe naelewa mwenye nyumba anaogopa nini. Wakati ule nilijua jambo moja tu: jina likienda, kazi imeenda, na kazi ikienda, Mwanda sipandi tena.

Ikawa hivyo. Asubuhi nilipiga kelele "Maji!" na milango haikufunguka. Watoto wakakatazwa kunikaribia. Mtu mmoja akanitemea mate kwenye gurudumu. Watu wakaamua watumie kidogo kidogo yale yaliyokuwa kwenye mapipa, wasubiri bomba, na bomba halikuja, na maji yakakaa pale yametulia, yanapashwa joto na jua. Sasa shangaa: waliponisusia, ndipo wagonjwa wakaongezeka. Ungefikiri wangejiuliza. Hawakujiuliza. Walisema nimeudhika, nimeongeza dozi.

Mzee Mwakio alishuka kutoka Mwanda siku ya soko na kabichi zake, akasikia yote kabla hajauza ya kwanza. Alinikuta kwenye bomba la reli, nimekalia mtungi mtupu. Sijasahau, hakunipa mkono.

"Kijana, ugonjwa ukiingia nyumba unaingia yote. Hauchagui. Wewe umekurukaje?"

"Mzee, mwili wangu una nguvu."

"Hata Mutua alikuwa na nguvu." Akapangusa kofia yake. "Nampeleka binti yangu nyumbani. Sisemi unaroga, mimi ni mzee wa kanisa. Sisemi unauza sumu, sijaiona. Nasema sitampa mtoto wangu mtu ambaye sijui yuko upande gani na kitu hiki. Daktari atakapomwita tena kwa damu nitamleta, na siku hiyo nitachukua cherehani. Ikishapanda mlima, usiifuate."

Mshai alipanda gari la kwao akiwa na mikono ndani ya kanga. "Kapimwe," ndilo neno pekee aliloniambia. "Wewe mbishi, kapimwe."

Nilikwenda siku ileile. Nilikwenda kwa hasira, nimekunja shati mpaka begani, nikamwambia Daktari Nekesa achukue damu hata chupa nzima, aandike kwa herufi kubwa kwamba humu ndani hamjaingia kitu, ili watu wajue kuna wanaume wa namna hiyo duniani. Nilitaka karatasi ya kuniita safi. Akatoa kidogo tu, akasema, "Tutaona, sawa?" Nikasema sawa. Baadaye alimtoa na Mshai damu ya pili, baba yake amesimama mlangoni kati yetu kama fensi. Tukaambiwa majibu yatakuja baada ya kupimwa mji mwingine, na Mzee Mwakio akasema basi cherehani ibaki mpaka siku ya majibu, asipande mlima mara mbili.

Siku hiyo ilipofika Daktari Nekesa aliniita kwanza, peke yangu, nyuma ya gari. Akaniambia ugonjwa unaitwa chikungunya, jina la Wamakonde, la kitu kinachomkunja mtu. Akaniambia unaletwa na mbu. Kisha akaniambia, "Na wewe ulikuwa nao."

Nilimwambia amechanganya chupa.

"Sijachanganya. Virusi vikiingia, mwili unatengeneza kingamwili za kupigana navyo. Kuna zinazokuja mapema kisha zinapungua, na kuna zinazochelewa na kukaa miaka. Kwenye damu yako zote mbili zipo. Umeambukizwa majuzi tu, msimu huu huu, kama wenzako. Kuna watu wachache wanaopitiwa bila homa, bila maumivu. Sawa?"

"Si sawa," nikamwambia. "Mimi sijaugua."

"Hukuumwa. Kuugua umeugua."

Nikamuuliza mbona ugonjwa wa Mshai haukuonekana, na yeye ndiye aliyevimba. Akasema Mshai mwenyewe alishamruhusu aniambie: alitolewa damu homa ikiwa changa mno, mwili haujaanza kutengeneza kitu. Damu ya pili ilikuwa imejaa kingamwili tele. Hilo nilielewa mara moja, bila sawa yoyote, kwa sababu ni kazi yangu. Wakifungua valvu huko maji yanakotoka, wewe wa Voi ukifungua bomba dakika ileile utaapa maji hayapo. Yapo. Yako njiani. Wakati wa korona, watu wenye digrii zao walipokuwa wakibishana hotelini kwangu nani ana kingamwili na nani hana, niliwatuliza kwa mfano huohuo wa bomba.

Nikamwomba aje aseme haya mbele ya ploti nzima. Akakataa. "Majibu ya mtu ni siri yake. Siwezi kuyatangaza."

"Ni yangu, nimekupa ruhusa."

"Basi yaseme wewe. Mimi nitaeleza ugonjwa."

Aliyenijua mwaka ule anajua alikuwa ananiomba nini. Ningebeba mitungi mara mbili hadi Mwatate kwa miguu kuliko kusimama mbele ya watu niseme Chuma ameangushwa na mdudu. Lakini Mzee Mwakio alikuwa ameshafika uani na binti yake, na punda wa kukodi na mkokoteni mdogo, na watu wawili walikuwa wakiipandisha cherehani. Mshai alikaa barazani na mikono mapajani. Nikasimama katikati ya ua.

"Ndugu zangu, na wazee wangu," nikasema. "Mnasema mimi ni mzima. Si kweli. Nimepimwa. Niliugua kama nyinyi."

Kisha Mutua, kwenye kigoda chake: "Lini?"

"Sijui lini."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa navuta mkokoteni."

"Yaani ugonjwa umekuja, umekukuta, umeondoka, na hata hukuusalimia?"

Ua mzima ukacheka, hata wale waliokuwa wakishika mbavu kwa maumivu. Nilicheka nao, si kwa kupenda, lakini nilisikia kitu kikilegea. Mtu anayechekwa hivyo haogopwi tena. Nikawaeleza habari ya Mshai na valvu na bomba, na nikaona vichwa vikitikisika, kwa sababu bomba la Voi hakuna asiyelijua.

Daktari Nekesa akaomba sahani nyeupe. Akachota kwenye mtungi wa mkokoteni wangu, maji ya asubuhi ile, akawaonyesha: hakuna kitu. Akachota kwenye pipa la Bi Zubeda, chini kabisa. Sahani ikachezacheza. Viluwiluwi wengi, wakijikunja na kujikunjua.

"Ah, hao," Bi Zubeda akasema bila wasiwasi. "Hao ni watoto wa maji. Twawajua. Twawachuja kwa leso kabla ya kunywa."

"Hao ni watoto wa mbu, mama. Wale wanaouma mchana. Mbu ndiye anayeutoa ugonjwa kwa mtu mmoja na kumpa mwingine. Na mkishachuja, leso mnaikung'uta wapi?"

Bi Zubeda akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Pipani. Maji yaliyomo kwenye leso tuyatupe? Voi hii?"

Wanawake wakaitikia, ndiyo, pipani, wapi kwingine. Kisha sauti zikafa moja moja. Nikaona kila mmoja akiligeukia pipa la mlango wake. Bi Zubeda akajishika kiunoni, akainuka na magoti yake yale, akaja mpaka pipa lake, akaliwekea mkono kama anayeaga.

"Chuma, mwanangu. Nisaidie kumwaga mama."

Tulilipindua. Maji yakakimbia katikati ya ua, na mke wa Mutua akajishika kichwa akapiga ukemi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona maji yakimwagwa Voi kwa makusudi. Kisha akaenda akasukuma la kwake. Mimi nikawaambia kila pipa litakalosuguliwa nitalijaza leo hii, na walifungua milango yote. Jina langu nililisikia likirudi uani mlango kwa mlango.

Mzee Mwakio hakucheka na hakumwaga kitu. Alisimama kando ya punda, mkono juu ya cherehani. Nilimwendea suruali imelowa mpaka magotini.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Katika vidole vyako, hata kimoja hakikukuuma?"

Ningeweza kutafuta kimoja cha kumpa. "Hata kimoja, mzee."

Akamtazama binti yake. Mshai alikuwa akijaribu kukunja ngumi, polepole, na haikufunga.

"Na huyu daktari anasema mikono inaweza kuchukua miezi. Pengine zaidi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi ile nguvu iliyokubakia wewe, ni ya nyumba yenu wote wawili. Mtungi asishike. Kuni asipasue. Akikuambia anaumwa usimwambie mbona wewe huumwi."

"Sitamwambia."

Kisha akaondoa mkono.

"Shusha cherehani."

Ilikuwa ya miguu, na meza yake nzima. Watu wawili ndio walioipandisha. Nikaishusha peke yangu.